Maneno Yaliyobaki kwa Mkalimani

Fundi Saturnino Lukudu hakuwa mtu wa kuchungulia madirishani. Alikuwa mtu wa kufanya kazi yake, kuilaumu serikali, na kurudi nyumbani kwake Jebel kabla jua halijamchoma kisogo. Lakini Jumatano moja ya Novemba, mwaka 1974, akiwa barazani nje ya Darasa la Tatu la shule ya kati mjini Juba, anapigilia dawati lililovunjwa mguu, alisikia kitu ambacho hajawahi kukisikia katika shule ile tangu waanze kumwita: kimya.

Darasa la Tatu halikuwa darasa la kimya. Ndani yake kulikuwa na watoto wa mji, ambao wazazi wao hawakukimbia wakati wa vita vya kusini na Khartoum. Hao walisema Kiarabu cha Juba. Na kulikuwa na watoto wa Uganda, waliolelewa kambini na kurudishwa kwa malori miezi michache tu iliyopita. Hao walisema Kiswahili na Kiingereza, na Kiarabu chao kiliishia kwenye bei ya nyanya. Wa mji waliwaita wenzao wakimbizi. Wa Uganda waliwaita wenzao vibaraka wa Khartoum. Kila wiki mguu wa dawati, au miwili, ulivunjikia mgongoni mwa mtu, na kila wiki Saturnino aliitwa na nyundo yake. Ukitaka ukweli, ugomvi ule ndio uliompa unga.

"Wakubwa wenu wana akili kweli," aliwahi kumwambia mwalimu mkuu. "Wanafunga paka wawili ndani ya gunia moja, halafu wanatafuta fundi wa kushona gunia."

Mwalimu mkuu, Bwana Tombe, mtu wa tai na jasho, hakucheka. Mwezi uliopita wanafunzi mjini walikuwa wameandamana kwa sababu ya mfereji ambao serikali ilitaka kuuchimba ili maji ya mto yaende kaskazini, risasi zikalia, na tangu siku hiyo Tombe aliogopa wanafunzi wanaosema kuliko wanafunzi wanaopigana. Kwa wanaopigana, huandikiwi barua na wizara.

Sasa kimya. Saturnino akabana misumari kwa midomo, akainuka polepole, akachungulia.

Mwalimu mpya, Albino Yangi, kijana aliyekulia Uganda tangu kunyonya na ambaye Kiarabu kilimpiga chenga, alikuwa amesimamisha wanafunzi wawili mbele wakitazamana. Ubaoni aliandika: Shule itufundishe kwa lugha gani? Lilikuwa swali lile lile lililovunja madawati matano. Upande mmoja alisimama Loro, mvulana wa Uganda mwenye mabega mapana na maneno mengi. Alikuwa amekwisha kusema yake kwa Kiswahili, na darasa zima lilikuwa linamngoja msichana mmoja, Suzan, ayapeleke kwa Kiarabu kwa watoto wa mji. Suzan alikuwa mtoto wa Uganda pia, ila shangazi yake aliuza samaki wakavu sokoni Jebel, na humo alikuwa ameokota Kiarabu kidogo. Kidogo hicho sasa kilikuwa kimekwisha. Alishika kichwa.

Saturnino akajikaza. Akajikaza tena. Kisha akatema misumari kiganjani na kupaza sauti dirishani kwa Kiarabu:

"Anasema hivi! 'Mimi nimesoma miaka minane kwa Kiingereza. Mkinipa Kiarabu leo, mnanirudisha kukaa chini na watoto wadogo, na ndevu zangu hizi!'"

Watoto wa mji wakamtazama Loro, ambaye hakuwa na unywele hata mmoja kidevuni, wakaangua kicheko. Loro naye, alipoelewa wanacheka nini, akacheka. Mwalimu Yangi akaja dirishani.

"Mzee, umejifunza wapi kazi hiyo?"

"Kanisani, ustaz. Kambini kule Uganda, upande wa mji wa Moyo, nilikuwa namtafsiria padri. Shuleni mimi niliishia la pili, lakini midomo ninayo minne."

"Ingia ndani."

"Na dawati?"

"Dawati halina haraka, mzee. Ingia."

Baada ya kipindi Saturnino hakuondoka. Alitaka kujua. Tangu lini watoto wakafundishwa kubishana, tena kwa kusimamishwa kama maarusi?

"Niliona kanisani," mwalimu Yangi alisema huku akifuta ubao. "Padri akikemea watu, hakuna anayeweza kumrudishia papo hapo. Lazima angoje mkalimani amalize. Hasira inapanga foleni, mzee. Zamu yake ikifika, imepoa kidogo. Nikajiuliza, kwa nini hapa tusiwe na mkalimani? Kila mtu aseme kwa lugha inayomuuma. Yule mwingine angoje. Na mkalimani aseme 'mimi', kama kanisani. Asiseme 'yeye'."

Hapo Saturnino akatabasamu, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Alikumbuka siku padri alipoungama mbele ya kambi nzima kwamba utotoni aliiba kuku wa jirani, na yeye mkalimani akasimama na kutangaza, "Mimi niliiba kuku!" Wiki nzima watu walimfungia mabanda. Mkewe Victoria alicheka mpaka akakaa chini. "Mwizi wangu," alimwita, "leo umetuletea nini?"

Victoria hakufika nyumbani. Yaani alifika Juba, ila hakutoka katika kituo cha mapokezi ya waliorudi, kule karibu na bandari ya mtoni. Mwaka uliotangulia lori liliwashusha hapo, yeye akiwa na homa kali. Palikuwa na daktari mmoja, dawa kidogo, na orodha. Jina lako likisomwa, unaingia. Siku ya kwanza halikusomwa, siku ya pili halikusomwa. Siku ya tatu likasomwa saa nne asubuhi, naye alikuwa amekufa alfajiri. Tangu hapo Saturnino hakuwa na haja na wenye viti, kuanzia waziri mpaka mpiga muhuri. Mkubwa akikohoa, alisema, barua inaandikwa. Maskini akifa, hata penseli haipatikani.

"Sharti moja tu," mwalimu Yangi aliongeza. "Usitie neno, usitoe neno."

"Ustaz, mimi ni fundi. Najua kupima."

Basi Jumatano zikawa zake. Alikuja amenyoa, shati limefungwa mpaka kooni, akasimama katikati ya pande mbili, na maneno yakapita ndani yake kama maji ya mfereji. Jambo ambalo hakulitegemea ni kwamba mengine hayakupita, yalibaki. Jumatano ya pili msichana wa mji aliyeitwa Santina alieleza jinsi walivyoishi wakati wa vita, na Saturnino akalazimika kusema kwa mdomo wake mwenyewe: "Mimi sikubaki kwa kupenda. Kila jioni askari walihesabu viatu mlangoni mwetu. Kiatu kikipungua, baba aliulizwa nani ameenda msituni." Miaka yote kambini alikuwa ameamini kwamba waliobaki Juba walikuwa wanakunywa chai na Waarabu. Alirudi nyumbani akiwaza viatu. Je, waliowatembelea walifanyaje? Waliingia navyo? Alitaka kumuuliza mtoto yule, lakini mkalimani hana swali lake.

Na madawati yakaacha kuvunjika. Loro alianza kumtania: "Mzee, wewe iko najiharibia kazi! Sasa utakula nini?"

"Nitakula ulimi wako, ni mrefu, unanitosha wiki."

Ni Bwana Tombe tu ambaye hakufurahi. Siku moja alimsimamisha mwalimu Yangi barazani, Saturnino akisikia. "Mwalimu, ukitaka waimbe, waimbe. Ukitaka walime, walime. Lakini huku kuchokonoa mambo ya vita! Siku watakapopigana tena, nitafunga hicho kipindi chako, na atakayeanza atakwenda kwao na barua."

Jumatano ya nne swali la ubaoni lilikuwa: Waliporudi wakimbizi, nani alitendewa vibaya? Watoto wenyewe ndio waliolichagua. Loro alisema kwanza, kuhusu malori, na mvua, na kupangwa kama magunia. Saturnino alimtafsiri vizuri, kwa moto wake wote, maana yale alikuwa anayajua kwa ngozi. Kisha Santina akasimama. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye tabia ya kushika ukosi wake anapoongea.

"Baba yangu Cirillo alikuwa karani kwenye kituo cha mapokezi," alisema kwa Kiarabu. "Yeye ndiye aliyeandika orodha ya daktari."

Saturnino akafungua mdomo. "Baba yangu Cirillo," alisema kwa Kiswahili, "alikuwa karani kwenye kituo cha mapokezi. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya daktari."

Akaisikia sauti yake ikisema hivyo.

Santina aliendelea. "Dawa ilikuwa ya watu arobaini, na watu walikuwa mia mbili. Wakubwa walimwambia, chagua wewe, sisi tunakwenda kula. Alichagua wenye watoto wachanga kwanza. Waliokosa, wengine walikufa. Tangu siku hiyo baba hali chakula na sisi. Anakula peke yake, amegeukia ukuta. Mimi sijui alitenda vibaya au alitendewa vibaya. Ndiyo maana nimesimama, nataka mniambie ninyi."

Watoto wa Uganda walimtazama mkalimani, wakingoja.

Saturnino na Victoria hawakuwa na watoto wachanga. Walipata mtoto mmoja tu, akafa kambini akiwa na miaka sita.

"Dawa ilikuwa ya watu arobaini," Saturnino alisema, na ulimi ulikuwa mzito kama mbao mbichi, "na watu walikuwa mia mbili. Alichagua. Waliokosa, wengine walikufa." Yaliyobaki yalikuwa hapo, kwenye ncha ya ulimi. Angeweza kuyahesabu moja moja. Badala yake akasema: "Na hiyo ni shauri yao."

Santina aliinua uso. Hakujua Kiswahili, lakini alijua urefu wa maneno yake. "Mzee," alimwambia taratibu, "umesema yote?"

"Yote," Saturnino alijibu.

Suzan, mstari wa pili, ambaye kila Jumatano aliandika maneno mapya ya Kiarabu daftarini, alikuwa ameacha kuandika. Alimkodolea macho fundi. Lakini hakuwahi kusema kitu, kwa sababu Loro, ambaye mama yake mdogo alizikwa nyuma ya kituo kile kile, alikuwa tayari juu ya dawati. "Shauri yao? Shauri yao?" Chupa ya wino ikaruka. Ilimkosa Santina, ikapasukia ukutani, na Darasa la Tatu likarudi kuwa Darasa la Tatu. Mwalimu Yangi alipiga kelele katikati na hakuna aliyengoja foleni. Bwana Tombe alipofika, tai begani, alikuta miguu ya madawati hewani.

Hukumu haikuchukua muda. Kipindi kimefungwa. Santina, aliyewatukana marehemu, aende nyumbani, arudi kesho na baba yake kuchukua barua ya kufukuzwa.

"Lakini nimesema nini?" Santina aliuliza kwa Kiarabu, akimtazama huyu, akimtazama yule. "Niambieni nimesema nini!"

Mtu aliyepaswa kumwambia alikuwa ameinama anaokota nyundo yake.

Saturnino alifika kwake mapema, akakaa, akainuka, akaenda kuchota maji ambayo hakuyahitaji. Alitegemea kusikia raha. Karani amepatikana, mwaka mzima alikuwa anamtafuta mtu mwenye jina, na sasa ana jina: Cirillo. Raha haikuja. Kilichokuja ni swali, likamng'ang'ania kama kupe. Mtu anachaguaje? Unaketi asubuhi, mbele yako watu mia mbili, unaanza na nani? Unawatazama usoni au unatazama karatasi? Yeye angefanyaje?

Halafu akajikuta anawaza jambo lingine, nalo hakulipenda. Alikuwa amewekewa maneno ya mtoto wa watu mdomoni. Yapi yapite, yapi yabaki nje, hilo lilikuwa mkononi mwake peke yake, na hakuna mkubwa aliyemlazimisha. Akapitisha baadhi. Mengine akayafungia mlango. Ameongozaje, fundi Saturnino, siku ile moja aliyopewa kiti?

"Aa, kalas," alijiambia, "imetosha." Lakini haikutosha.

Asubuhi alimkuta Cirillo barazani kabla ya ofisi kufunguliwa, yeye na binti yake. Saturnino alikuwa amemtengeneza mtu huyo kichwani mwaka mzima: tumbo kubwa, kalamu mbili mfukoni, saa ya mkononi. Aliyekaa pale alikuwa mtu mfupi aliyevaa kandambili, anayekuna kiganja. Santina alikuwa amevaa sare, kama mtu asiyeamini kwamba hataingia darasani.

Bwana Tombe alifika na barua imekwisha kuandikwa. Saturnino akamzuia mlangoni.

"Bwana mkubwa, barua hiyo ina makosa."

"Wewe tangu lini unasoma barua zangu?"

"Sijaisoma. Msichana hakusema vile. Mimi ndiye niliyesema."

Tombe alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekunywa asubuhi. "Basi niambie alichosema, tumalize."

"Si wewe unayedaiwa maneno hayo, mkubwa. Nipe darasa."

Huenda Tombe angekataa. Lakini mwalimu Yangi alikuwa amesikia, na hakusubiri ruhusa. Alikwishafungua mlango wa Darasa la Tatu, na watoto, ambao wote walikuwa wanachungulia, wakarudi mbio kwenye nafasi zao. Cirillo akaingia kwa kusukumwa na binti yake, akasimama karibu na ukuta wenye doa la wino. Saturnino akasimama pale pale pa Jumatano.

"Jana nilitoa maneno, nikatia maneno," alisema kwa Kiswahili, kisha akayasema tena kwa Kiarabu. "Sasa sikieni yaliyobaki."

Akayasema. "Wakubwa walimwambia, chagua wewe, sisi tunakwenda kula. Alichagua wenye watoto wachanga kwanza. Tangu siku hiyo baba hali chakula na sisi. Anakula peke yake, amegeukia ukuta. Mimi sijui alitenda vibaya au alitendewa vibaya. Ndiyo maana nimesimama, nataka mniambie ninyi."

Kisha Loro, masikio yamemwiva, akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Mzee fundi. Hata maneno ya watu wewe iko nakata na msumeno?"

"Nilikata."

"Kwa nini?"

Bwana Tombe alijibu kwa niaba ya Saturnino: "Kwa nini si kitu. Barua hii naichana. Msichana abaki. Lakini wewe, mzee, ukalimani basi. Madawati utayatengeneza huko nje, na humu ndani sitaki kukusikia ukisema kwa mdomo wa mtu tena."

"Sawa," Saturnino alisema, na haki ilikuwa haki, ingawa ilitoka kwa mwenye tai. Mwalimu Yangi aligeuka huku na huku. "Na nani atatafsiri?"

Suzan akainuka bila kuitwa. Akaja, akasimama mahali pa fundi.

Hapo Saturnino akagundua kwamba miguu yake haikuwa imetoka. Kwa kuwa hakuwa mkalimani tena, alikuwa na mdomo wake mwenyewe. Akamgeukia Cirillo na kumwambia kwa Kiarabu:

"Mke wangu aliitwa Victoria. Alikuwa na homa. Alilala siku mbili pale kituoni kwako, kwenye mkeka wa kijani, karibu na pipa la maji. Siku ya tatu ukasoma jina lake, na hakuwepo wa kuitika."

Suzan akawageukia wenzake wa Uganda. "Mke wangu aliitwa Victoria," alisema msichana yule wa miaka kumi na sita, na mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akaacha. Alisema yote. Homa, mkeka, pipa. Hakuruka kitu. Saturnino alisikiliza maisha yake yakisemwa na mtoto, akaona ajabu jinsi yalivyokuwa mafupi.

Cirillo aliacha kukuna kiganja. Alifikiri muda mrefu, na ilionekana anafikiri kweli, anapita mkeka kwa mkeka.

"Simkumbuki," alisema. "Malesh, ndugu yangu, nisamehe. Nikisema namkumbuka nitakuwa nakudanganya. Majina yalikuwa mengi, nami nilijizuia nisitazame nyuso. Ningetazama, kalamu isingeandika."

Suzan alitafsiri. Loro aliguna. Tombe alitoa leso, akajifuta shingo, akatazama mlango, akijiandaa kwa miguu ya madawati. Saturnino alihisi uchungu ukimpanda, ule wa kila siku, akaungoja ufike. Ulipofika haukuwa na mahali pa kwenda. Mtu huyu hakujitetea. Hakuna aliyewahi kumpa jibu baya hivyo na la kweli hivyo.

Akavuta dawati la mbele, lile lililokuwa halijatengenezwa, akalijaribu kwa mkono, akaliketia kwa upande mzima.

"Basi usinieleze kuhusu mke wangu," alisema. "Nieleze kazi yenyewe. Nataka kujua. Asubuhi ile umefika, umekaa, watu mia mbili mbele yako. Ulianzaje?"

Cirillo akamtazama binti yake, kisha watoto, kisha fundi. Akatafuta pa kukaa. Loro, aliyekuwa karibu, akasogea kidogo kwenye dawati lake.

"Hapakuwa na meza," Cirillo alisema, akiketi. "Jambo la kwanza, nilitafuta kitu cha kuandikia juu yake."

"Ngoja," mwalimu Yangi alisema. "Suzan, peleka hilo kwanza."